Thabit bin Qurra na Namba Zinazopendana

Twataka katika karatasi hizi kuwasimulia ndugu wasomaji habari za mtu aliyefariki zaidi ya miaka elfu moja na mia moja iliyopita, na jina lake hutajwa mara kwa mara na watu wa hisabu na wa falaki, wala kwetu halijulikani ila kwa wachache. Lakini kwanza tutaje sababu iliyotufanya tumkumbuke.

Baada ya sala ya Alasiri, kijana mmoja wa darasa yetu alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Alikuwa na haya. Akatutolea kijikaratasi alichokifumua katika hirizi. Alikuwa ameposa, akapata habari kwamba binti mwenyewe hana moyo naye, akaenda kwa mtu mmoja ajiitaye mwalimu, akatoa fedha si haba. Akaandikiwa namba mbili tu: 220 aivae yeye shingoni, na 284 iandikwe kwa zafarani ndani ya sahani, ikoshwe, na maji yake yatafutiwe njia ya kumfikia binti ayanywe. Aliambiwa kuwa namba hizo ni siri kubwa, nazo zina mapenzi ndani yake. Alitaka kujua kwetu kama jambo hilo lafaa.

Jibu la sharia tulimpa, nalo halina haja ya kurefushwa hapa, maana wasomaji wetu walijua. Kisha tukamuuliza swali jingine: kwa nini namba hizi mbili, si nyingine? Hakujua. Na yule aliyemwandikia tuna yakini kuwa hakujua pia, kwani laiti angalijua asingaliziita siri. Jambo lenyewe ni hisabu, na kila aliyepita chuoni akajua kujumlisha na kugawanya aweza kulifahamu kabla chai yake haijapoa.

Chukua 220 utazame ni namba zipi zinazoigawa kamili pasi na baki, ukiiacha yenyewe. Utapata 1, 2, 4, 5, 10, 11, 20, 22, 44, 55 na 110. Zijumlishe zote: ni 284. Sasa chukua 284 uifanye vivyo hivyo. Zinazoigawa ni 1, 2, 4, 71 na 142. Jumla yake ni 220. Kila moja imejengwa kwa vipande vya mwenziwe. Kwa hivyo Wayunani wa kale waliziita namba rafiki, na Waarabu wakaziita namba zinazopendana. Mapenzi yao ni hayo, hayana nyota wala zafarani.

Wayunani walizijua hizo mbili, na kwa karne nyingi hapakuwa na nyingine zinazojulikana. Hakuna aliyeeleza kwa dalili namna ya kuzipata. Euclid alikuwa amezishughulikia namba timamu, yaani ambazo vipande vyake hurudi vikawa ni zenyewe, kama 6 ambayo ni 1 na 2 na 3, na kama 28. Ama hizi zinazopendana hakuzigusa. Aliyezitia mkononi, akazitafutia kanuni na akaisimamisha kanuni hiyo kwa dalili, ni Thabit bin Qurra wa Harran.

Harran ni mji wa kale katika nchi ambayo leo ni kusini ya Uturuki. Thabit alizaliwa huko mwaka 221 wa Hijra, nao ni 836 wa Miladi, na wako wasemao kuwa alizaliwa miaka kumi kabla ya hapo. Hakuwa Mwislamu. Watu wa kwao walikuwa wakizitukuza nyota, nao chini ya dola ya Kiislamu walijulikana kwa jina la Wasabai. Twalisema hili waziwazi kwa sababu wako miongoni mwetu ambao, wakitaka kumsifu mtu wa zamani, humsilimisha baada ya kufa kwake. Thabit aliishi katika dini ya wazee wake na akafa nayo, na elimu aliyotuachia haipungui kwa hilo wala dini yetu haizidi kwa kumzulia.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuvunja fedha sokoni; alikuwa sairafi. Kazi hii humzoeza mtu hisabu ya haraka na lugha za wageni, na Thabit alikuwa akijua Kisuriani, ndiyo lugha ya kwao, na Kiyunani na Kiarabu. Ibn Khallikan ametaja kwamba ilitokea hitilafu kati yake na watu wa dini yake juu ya mambo waliyoyakataa kwake, wakamzuia asiingie hekaluni mwao, naye akatoka Harran akahamia mji wa Kafartutha. Huko akakutana na Muhammad bin Musa bin Shakir aliyekuwa akirejea kutoka nchi ya Rumi kwenda Baghdad.

Huyu Muhammad na ndugu zake wawili, Ahmad na al-Hasan, ndio waitwao Banu Musa. Walikuwa ni watu wa mali na wa elimu, wakitumia mali kwa ajili ya elimu, na imesimuliwa kwamba kundi la wafasiri waliowafanyia kazi walikuwa wakilipwa karibu dinari 500 kila mwezi. Muhammad alipomsikiliza yule sairafi aliona kuwa mbele yake ana johari. Akamchukua hadi Baghdad na akamsomesha nyumbani kwake. Na hapa twasimama kidogo. Ni matajiri wangapi katika miji yetu hupita sokoni wakamwona kijana mwerevu nyuma ya meza ya duka, na wasione ila mtu wa kuwapimia sukari?

Huko Baghdad Thabit aliishi maisha ya kazi nyingi mno. Alikisahihisha kitabu cha Euclid baada ya Ishaq bin Hunain kukifasiri. Alikifasiri kitabu cha hisabu cha Nicomachus. Katika kitabu kikubwa cha Apollonius juu ya mikato ya pia, sehemu ya tano, ya sita na ya saba ni yeye aliyezifasiri, na asili ya Kiyunani ya sehemu hizo tatu imepotea duniani. Lau si tarjuma yake, kazi ya Myunani yule ingalikwisha katikati. Edmond Halley, yule mwanafalaki ambaye nyota yenye mkia imeitwa kwa jina lake, alipotaka kukipiga chapa kitabu hicho Uingereza mwaka 1710, ilimbidi sehemu hizo azichukue kutoka Kiarabu. Na Thabit hakuwa mfasiri tu. Alitunga mwenyewe katika falaki, katika tiba, katika handasa, na katika mizani ya mkono mrefu waitumiayo wafanyi biashara, jinsi uzito mdogo ulio mbali unavyolingana na uzito mkubwa ulio karibu.

Risala yake ya namba zinazopendana ni fupi. Ina mas'ala kumi, kila moja imesimama juu ya iliyotangulia kama matofali. Wasomaji wasichoke nasi tukiwaonyesha kanuni yenyewe, kwani habari zote zilizobaki zategemea hiyo. Sisi tumeigeuza kwa maneno mepesi, na mwenye kalamu na aandike.

Anza na 3, uiongeze mara mbili, kisha mara mbili tena, wala usisimame: 3, 6, 12, 24, 48, 96, 192, 384. Ukiiacha ile 3 ya mwanzo, chukua mbili zinazofuatana, mathalan 6 na 12. Punguza moja katika kila mojawapo, upate 5 na 11. Kisha zizidishe zile mbili za asili, 6 mara 12 ni 72, nayo uipunguze moja, upate 71. Sasa tazama: je, 5 na 11 na 71 zote tatu ni namba tasa? Namba tasa ni ile isiyogawika ila kwa moja na kwa nafsi yake. Ndiyo, zote ni tasa. Basi igawe 12, ile kubwa katika mbili ulizozichukua, kwa 3, upate 4. Zidisha 4 mara 5 mara 11: ni 220. Zidisha 4 mara 71: ni 284.

Na dalili yake ni nyepesi kwa mwenye kutulia. Ukijumlisha vigawanyo vyote vya 4, pamoja na yenyewe, wapata 7. Vigawanyo vya namba tasa ni yenyewe na moja, basi 5 yatoa 6, na 11 yatoa 12, na 71 yatoa 72. Kwa hivyo vigawanyo vyote vya 220 ni 7 mara 6 mara 12, na vya 284 ni 7 mara 72, na hayo ni mamoja: 504. Nayo 504 ni 220 na 284 zikiwekwa pamoja. Ukiiondoa namba yenyewe, lililobaki halina budi kuwa ni mwenziwe. Thabit aliipunguza ile moja makusudi, ili jumla iirudishe.

Lakini kanuni hii ina sharti, na uzito wote uko katika sharti. Ukichukua 12 na 24 wapata 11 na 23, zote tasa, lakini ya tatu ni 287, nayo ni 7 mara 41. Imevunjika, hapana jozi. Ukichukua 24 na 48 wapata 23 na 47 na 1,151, na zote tatu ni tasa. Namba zinazotoka ni 17,296 na 18,416. Hizi ndizo za pili katika kanuni. Katika zile zilizotufikia, waliozitaja ni Ibn al-Banna wa Marrakesh, aliyefariki mwaka 1321, na Kamal al-Din al-Farisi wa Uajemi, aliyefariki karibu na mwaka 1319. Huyu Kamal al-Din ndiye aliyeeleza sababu ya rangi za upinde wa mvua kwa kutumia tufe la kioo lililojaa maji, na kitabu chake juu ya namba hizi alikiita Ukumbusho wa Wapenzi katika Kubainisha Kupendana. Ndani yake aliithibitisha kanuni ya Thabit kwa njia nyingine, kwa kuzichambua namba katika vipande vyake tasa.

Baada ya hapo njia yazidi kuwa ngumu. Ukichukua 48 na 96, yatoka 95 ambayo 5 huigawa. Ukichukua 96 na 192, ni 95 ile ile. Ukifika 192 na 384 wapata 191 na 383, nazo ni tasa, na ya tatu ni 73,727. Je, hii nayo ni tasa? Hapo ndipo palipohitaji subira, kwa sababu hapana njia ya mkato kwa mwenye kalamu na karatasi. Yatakikana aijaribu kwa kila namba tasa kuanzia 2 hata 271, nazo ni 58. Sisi tuliketi usiku mmoja na wanafunzi wetu watatu tukazigawa moja moja, na tulikosea mara mbili tukarudia. Hakuna hata moja inayoigawa. Basi 128 mara 191 mara 383 ni 9,363,584, na 128 mara 73,727 ni 9,437,056. Ya kwanza ina vigawanyo 31 chini yake, na ya pili ina 15, na kila kundi likijumlishwa humleta mwenziwe sawasawa, bila ya kuzidi moja wala kupungua moja. Mwenye shaka na azihisabu. Zote mbili pamoja ni 18,800,640, nayo ni 255 mara 73,728.

Aliyezifikia namba hizi kubwa katika nchi za Kiislamu ni Muhammad Baqir Yazdi wa Uajemi, katika karne ya 17. Lakini mwenye kufungua vitabu vilivyoandikwa Ulaya zamani angalikuta jina jingine: kwamba zile 17,296 na 18,416 alizipata Mfaransa Fermat mwaka 1636, na hizi kubwa alizipata Mfaransa mwenziwe Descartes mwaka 1638. Na kanuni yenyewe ikahesabiwa kuwa ni yao. Wako ndugu zetu husema kwa hamaki kuwa waliiba. Sisi hatusemi hivyo, kwa kuwa hatuna dalili, na mtu hashutumiwi wizi kwa sababu amekuja nyuma. Walikuwa ni watu wa akili kubwa na waweza kuipata wenyewe. Twasema tu kwamba kanuni ile ilikuwa imekwisha andikwa na kuthibitishwa Baghdad zaidi ya miaka mia saba kabla yao, na ikabaki katika khati za mkono. Mwaka 1852 mwanachuoni wa Kijerumani Franz Woepcke ndiye aliyewatolea watu wa Ulaya habari za risala ya Thabit. Hilo ndilo linalotuuma: aliyekifuta kitabu chetu vumbi hakuwa mmoja wetu.

Na sisi tulikuwa tukifanya nini na namba zile? Jawabu liko katika karatasi ya yule kijana. Tangu zamani walikuwako watu waliozichukua 220 na 284 wakazifanya talasimu ya mapenzi. Katika kitabu cha uchawi kiitwacho Ghayat al-Hakim, kilichotungwa Andalus katika karne ya 10, imeelekezwa kuzilisha, mmoja ale hii na mwenziwe ale ile, na mtungaji anadai ameijaribu. Ibn Khaldun katika Muqaddima yake, aliyoiandika mwaka 1377, amezitaja namba hizi mbili kwa idadi yake na namna wenye talasimu wanavyozitumia pamoja na sanamu na nyota ya Zuhura, na katika mlango huo huo akabainisha kuwa sharia haikutofautisha baina ya uchawi na talasimu, na kwamba zote zimeharamishwa.

Wala hatutaki kumsafisha Thabit kwa uwongo. Kiko kitabu cha masanamu na nyota kilichoenea Ulaya kwa Kilatini, nacho kimenasibishwa kwake, na mtu wa Harran, kwa ibada ya watu wake, si ajabu kunasibishiwa hayo. Lakini mwenye kuisoma risala ya namba hakuti humo kombe wala hirizi. Akuta mas'ala kumi na dalili zake. Ni juu ya kila msomaji kuchagua ni urithi gani aupokee kwa mtu huyu.

Katika uzee wake Thabit alipata jaha kubwa kwa Khalifa al-Mu'tadid. Wanahistoria wamesimulia kuwa urafiki wao ulianza kabla al-Mu'tadid hajatawala, siku alipofungwa kwa amri ya baba yake, al-Muwaffaq. Thabit alikuwa akimwendea mara tatu kila siku, akimliwaza kwa mazungumzo ya falsafa na handasa na nyota. Alipokamata ukhalifa mwaka 892 hakumsahau. Na imesimuliwa kuwa walikuwa wakitembea bustanini, Khalifa ameegemea juu ya mkono wa Thabit, mara akauvuta mkono wake kwa nguvu hata Thabit akashituka. Kisha akamtaka radhi, akamweleza kuwa alikuwa ameghafilika akauweka mkono wake juu ya wake, na haifai hivyo, kwa kuwa wenye elimu ndio wawao juu. Huyu alikuwa Khalifa wa Waislamu, na yule alikuwa Msabai aliyeanza maisha akivunja fedha sokoni.

Thabit alifariki Baghdad mwezi wa Safar mwaka 288, nao ni Februari 901. Mwanawe Sinan alikuwa tabibu mkubwa, naye alisilimu katika zama za Khalifa al-Qahir. Kabla ya hapo, mwaka 931, Khalifa al-Muqtadir aliamuru kuwa matabibu wa Baghdad wasiwatibu watu mpaka wajaribiwe na Sinan, baada ya mtu mmoja kufa kwa kosa la tabibu. Mjukuu wake Ibrahim alikuwa mtu wa handasa hodari, akafa kijana mwaka 946, hajafika miaka arubaini.

Ama kanuni yake, watu hawakuiacha. Euler wa Uswisi aliipanua katika karne ya 18 akapata jozi nyingi kwa njia zake mwenyewe. Mwaka 1866 kijana wa Kitaliana wa miaka 16 akavumbua jozi ndogo ya 1,184 na 1,210 iliyowapita wakubwa wote, nayo haimo katika kanuni ya Thabit. Siku hizi kompyuta zimeongeza mamilioni. Lakini katika kanuni yenyewe, kwa kurudufu vile vile kuanzia 3, mashine zimefika mbali kwa maelfu na maelfu ya hatua, na hazikupata jozi ya nne. Ziko tatu tu hata leo, wala hakuna aliyethibitisha kuwa ya nne haipo.

Yule kijana alirudi katika darasa juma lililofuata. Hirizi hakuja nayo, nasi hatukumuuliza. Alikuja na daftari. Alikuwa ameendelea kutoka pale sisi tulipoachia, akachukua 384 na 768, akapunguza moja moja, na alikuwa amefika 767. Alituonyesha chini ya taa namna ilivyovunjika: 13 mara 59. Akataka kujua kama aruke hatua moja, maana hiyo 767 itamrudia katika jozi ifuatayo.